UZI: Valvu ya usalama ilifunguka vizuri, na bado gasketi ya kipozeo ikafyatuka. Tuihesabu pamoja

Fundi_Presha (mwanzisha uzi), Mbeya

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu na una hesabu ndani yake. Naomba mnivumilie, maana jambo lenyewe lilibakiza kidogo limuumize mtu.

Wiki mbili zilizopita niliitwa kwenye kiwanda kidogo cha maji ya chupa, pembezoni mwa jiji letu. Jina silitaji. Mwenye kiwanda mwenyewe ndiye aliyeniruhusu nieleze ili wengine wajifunze. Wanapuliza chupa zao wenyewe, kwa hiyo wana kompresa ya presha kubwa inayotoa hewa kwa baa 30. Hewa ikibanwa kiasi hicho hutoka ya moto mno, ndiyo maana hupitishwa kwenye kibadilishajoto, ambacho sisi mafundi tunakiita kipozeo. Hewa inapita ndani ya tyubu nyembamba. Maji ya kupozea yanazunguka nje ya tyubu hizo, ndani ya ganda, kisha yanakwenda mnarani kupoa na kurudi. Kibao cha ganda kimeandikwa baa 6.

Usiku, tyubu moja ikakatika. Ilikuwa imeliwa polepole mahali inapopenya kwenye bati linaloishikilia, kwa mtikisiko wa miaka. Valvu ya usalama juu ya ganda ikafunguka, ikapiga kelele mpaka majirani wakatoka nje, lakini geji ya upande wa maji ikaendelea kupanda. Gasketi ya kifuniko cha mwisho ikafyatuka, maji na hewa vikaruka mpaka ukutani. Kijana wa zamu alikuwa amesimama mbele ya kifuniko hicho hicho dakika moja kabla. Alinusurika kwa sababu alikimbilia swichi.

Nilipofika mwenye kiwanda aliniuliza: "Fundi, si ina valvu?"

Ilikuwa nayo, na nzima. Niliipeleka kwenye benchi ikafunguka kwenye baa 6 kamili. Tatizo ni tundu lake. Ni la herufi D kwa viwango vya API 526 (API ni taasisi ya petroli ya Marekani, na matundu ya valvu huyapa herufi kwa ukubwa), yaani milimita za mraba 71. Valvu ya namna hiyo huwekwa kwa ajili ya maji kutanuka: mtu akifunga koki ya maji ya kuingia na ya kutoka huku hewa ya moto ikiendelea kupita, maji yaliyonaswa yanapata joto, yanatanuka, na ganda halina pa kuyapeleka. Kwa janga hilo kinachotakiwa kutoka ni vikombe vichache vya maji, na tundu la D linatosha na kubaki. Tena maji yenyewe kwa presha hiyo hayachemki mpaka yafike nyuzi 167 hivi, na hewa ya kompresa ile haifiki huko, kwa hiyo hata mvuke hautengenezwi.

Tyubu kukatika ni janga jingine kabisa. Hapo ni hewa ya baa 30 inayoingia kwenye chombo cha baa 6.

Nimehesabu hivi, naomba mnikosoe. Tyubu ina kipenyo cha ndani cha milimita 10, eneo lake ni milimita za mraba 78.5. Ikikatika katikati inamwaga kwa ncha zote mbili, kwa hiyo tunazidisha mara mbili: 157. Ncha iliyokatika haina umbo zuri la kupitisha hewa, nimeipa kizidishi cha 0.7. Valvu nimeipa 0.975, kama API 520 inavyoelekeza kwa gesi pale mtengenezaji asipotoa namba yake. Presha ya kumwaga ni baa 6 pamoja na asilimia 10 ya ziada inayoruhusiwa valvu ikiwa moja, yaani baa 6.6, au kilopaskali 660 kwenye geji.

Sasa kitu kizuri. Kanuni ya gesi ina mambo mengi ndani yake: uzito wa molekuli, joto, namba ya C ya gesi husika. Lakini hewa inayoingia kwenye ganda ni ileile inayotoka kwa valvu, na joto nimelichukulia lilelile. Kote kuwili hewa inapita kwa kasi yake ya mwisho, haiwezi kwenda haraka zaidi. Kwa hiyo yale yote yanafutana, kinabaki kitu mtu anaweza kuhesabu kwa kikokotoo cha simu:

157 × 0.7 × 3101 ÷ (0.975 × 761) = 459

Hiyo 3101 ni kilopaskali 3000 za geji kujumlisha 101 za angahewa, na 761 ni 660 kujumlisha 101. Jibu ni milimita za mraba 459. Tundu linalofuata kwenye orodha ni H, lenye 506. Kilichokuwepo ni 71.

Wangapi humu mna vipozeo vya namna hii, na mmewahi kusoma herufi iliyoandikwa kwenye valvu zenu?

Kijana_wa_Makambako

Kamwene kaka. Nimesoma mara mbili. Sisi tuna mashine kama hiyo hiyo, mwaka wa tatu sasa. Nimekwenda kuangalia valvu, kibao kimeliwa na kutu, herufi haionekani. Mdomo wa kuingilia ni robo tatu inchi. Hiyo inaweza kuwa ngapi?

Fundi_Presha

Kamwene mdogo wangu. Kwa mdomo wa robo tatu inchi, usitegemee zaidi ya ile ya kutanuka kwa maji. Valvu ya H mdomo wake ni inchi moja na nusu au mbili, na kutokea ni inchi tatu. Ukiiona tu utajua ni mnyama mwingine.

Mhandisi_Mstaafu, Iringa

Fundi, umefanya kazi nzuri, lakini umehesabu kana kwamba kiwanda kiko Bandari ya Dar es Salaam.

Jiji la Mbeya liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Angahewa hapo si kilopaskali 101, ni 82 na nusu hivi. Maji ya kwenu yanachemka kwenye nyuzi 94, ndiyo maana maharage yenu, pamoja na sifa zake zote, yanachukua muda kuiva kuliko yakipikwa pwani. Geji inasoma tofauti kati ya ndani na nje, lakini kanuni ya valvu inataka presha kamili. Rudia hesabu kwa 3082.5 na 742.5.

Kwa presha zako tofauti itakuwa ndogo, sikatai. Lakini nimewaona vijana wakichukua tabia hiyo hiyo na kuipeleka kwenye chombo cha presha ndogo. Chombo kinachomwaga kwenye kilopaskali 70 za geji, pwani kina 171 kamili, Mbeya kina 152. Hapo umepoteza asilimia 11 ya nguvu inayosukuma gesi itoke, na orodha ya mtengenezaji haijui kwamba wewe unaishi mlimani.

Fundi_Presha

Shikamoo mzee. Umenisahihisha vyema, na ninashukuru.

157 × 0.7 × 3082.5 ÷ (0.975 × 742.5) = 468.

Bado H inatosha, lakini imebaki na nafasi ya milimita za mraba 38 tu. Nitarekebisha kwenye karatasi niliyomwandikia mwenye kiwanda.

Spana_17

Mkuu, mimi sikubaliani na kitu kimoja. Kompresa ya chupa ya ukubwa huo inavuta labda mita za ujazo 10 kwa dakika. Hewa ya Mbeya ni nyepesi, kilo moja hivi kwa kila mita ya ujazo. Hiyo ni kama kilo 590 kwa saa. Wewe hesabu yako ya tyubu, nikiigeuza kuwa uzito, inaleta karibu kilo 2,800 kwa saa. Hewa hiyo yote inatoka wapi wakati mashine haitoi hata robo yake? Kwa kilo 590 ninapata milimita za mraba 99, tundu la E lenye 126 linatosha. Kwa nini umtwishe mwenye kiwanda gharama ya valvu kubwa?

Fundi_Presha

Mkuu Spana, swali lako ndilo nililokaa nalo usiku mzima, ngoja nilijibu kwa kirefu.

Kwanza, kwa hesabu yako hiyo hiyo, tundu la D lilikuwa linapitisha kilo 420 hivi kwa saa. Kwa hiyo hata ingekuwa kompresa peke yake, valvu ile ilikuwa imeshindwa tayari.

Pili, tyubu iliyokatika ina ncha mbili. Ncha moja inatazama kompresa. Nyingine inatazama nini? Tenki la hewa. Tenki lile ni la lita 2,000, limejaa hewa ya baa 30, na ndani yake mna karibu kilo 68 za hewa zinazosubiri njia. Tyubu ikikatika, hewa ya tenki inarudi nyuma kupitia kipozeo na kumwagika kwenye ganda. Haiendi kwa kasi ya kompresa, inakwenda kwa kasi ambayo tundu linaruhusu. Ni kweli tenki litakwisha baada ya dakika chache na kasi itashuka. Lakini ganda la maji haliwezi kungoja dakika chache. Likishajaa, presha inapanda kwa sekunde.

Utasema kati ya kipozeo na tenki kuna valvu ya kuzuia hewa kurudi. Ilikuwepo. Niliifungua: springi imevunjika, kibamba kimelala pembeni. Haikuzuia chochote. Mimi siwezi kumwekea mtu valvu ndogo ya usalama kwa kuamini kibamba ambacho hakuna mtu aliyekifungua tangu mashine ifungwe.

Bei ya H na bei ya E najua zinatofautiana, na najua kiwanda chenyewe ni cha watu kumi na wawili. Nilimwambia mwenyewe bei zote mbili na sababu ya kila moja. Alichagua H kabla sijamaliza kueleza.

Spana_17

Tenki sikulifikiria. Nimeelewa.

Dada_Maabara, Mafinga

Naomba kuuliza kwa asiye fundi wa presha. Kama kubwa ni salama, kwa nini usiweke kubwa kabisa, tundu la K au L, ukalala usingizi?

Mhandisi_Mstaafu

Swali zuri, binti yangu. Valvu ya springi inahitaji mtiririko wa kutosha ili ibaki imeinuka. Ukiweka kubwa kupita kiasi, inafunguka, presha inaanguka ghafla kwa kuwa kinachoingia ni kidogo, inajifunga kwa kishindo, presha inapanda, inafunguka tena. Inapigapiga hivyo mara nyingi kwa sekunde. Kiti chake kinaharibika, wakati mwingine bomba lake linapasuka kwenye kiungo. Valvu inayopigapiga haipitishi hata kile inachotakiwa kupitisha.

Bomba jembamba la kuingilia huleta ugonjwa huo huo. Presha inayopotea kati ya chombo na valvu isizidi asilimia 3 ya presha ya kufungukia. Kwa baa 6 ni baa 0.18 tu. Nimeona valvu nzuri imefungwa juu ya kipande cha bomba chenye kona tatu kwa sababu fundi alitaka isimame upande wa barabara ionekane. Iwekwe juu ya ganda moja kwa moja, kipande kifupi, upana ule ule wa mdomo wake au zaidi.

Rungwe_Baridi

Wadau, kuna mtu kanitumia uzi huu. Mimi nimefanya kazi na gesi ya ukaa, mnajua kwetu Kyejo inatoka ardhini yenyewe. Nina mawili ya kuongeza.

Kwanza, msinakili hesabu ya hewa kwenye vibadilishajoto vya gesi ya ukaa. Ule ujanja wa kufutana wa Fundi bado unasaidia kama ni gesi tupu yenye joto. Lakini kwenye vifaa vya kuigandamiza iwe kimiminika, au vya kurudisha kimiminika kuwa gesi, mambo yanabadilika. Gesi ya ukaa ikishuka chini ya baa 5.2 za presha kamili haiwezi kuwa kimiminika tena. Kimiminika kikipita kwenye valvu kwenda hewani, sehemu yake inageuka theluji, barafu kavu ya nyuzi 78 chini ya sifuri. Ukiwa umefunga bomba refu la kutokea lenye kona, theluji inaliziba, na valvu yako inakuwa imefunguka kwenye ukuta. Valvu ya kimiminika cha gesi ya ukaa inatakiwa imwage karibu na hewa ya wazi kadiri inavyowezekana.

Pili, gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, mara moja na nusu. Inatuama. Msielekeze mdomo wa kutokea kwenye shimo, mtaro au karakana iliyo chini. Sisi tuliokulia huko tulikatazwa tangu utoto kulaza ndama kwenye mabonde fulani.

Fundi_Presha

Ndaga fijo, mkuu. Hilo la theluji sikuwa nalo. Mimi kwenye hewa yangu ninachohangaika nacho ni maji: valvu ikifunguka itatema kwanza maji yaliyojaa ganda, kisha mchanganyiko, kisha hewa. Nimeelekeza bomba la kutokea juu ya paa, mbali na mlango, na sehemu ya chini kabisa ya bomba nimetoboa tundu la kuchuruzisha ili maji ya mvua yasikae juu ya kiti cha valvu.

Kijana_wa_Makambako

Kaka, bosi wangu anasema maji yetu yanaleta chokaa nyingi, na valvu ya kwanza ilishawahi kugoma kufunguka wakati wa majaribio. Anauliza kama tunaweza kuweka diski ya kupasuka (bati jembamba linalopasuka presha ikifika kiwango chake) chini ya valvu, maji yasiiguse mpaka siku ya tukio.

Fundi_Presha

Anaweza, na si wazo baya, lakini asikilize bei yake. Diski ikikaa chini ya valvu na mchanganyiko huo haujathibitishwa pamoja na mtengenezaji, uwezo wa valvu unazidishwa kwa 0.9. Kwa namba zangu za Mbeya: 468 ÷ 0.9 = 520. H ina 506. Umevuka. Inabidi uhamie J yenye 830. Diski moja ndogo imekupandisha ngazi nzima.

Njia nyingine ni diski peke yake bila valvu ya springi kwa janga la tyubu, na ile D yako ibaki kwa kutanuka kwa maji. Diski inahesabiwa kwa kizidishi cha 0.62: inaleta milimita za mraba 736, yaani kipenyo cha milimita 31 hivi, diski ya inchi moja na nusu inatosha. Inafunguka haraka kuliko springi. Ubaya wake ni kwamba ikipasuka haijifungi, maji yote yanamwagika, kwa hiyo lazima kompresa iwe na swichi ya kujizima maji yakikosekana. Na diski ipasuke kwa presha iliyo juu kidogo ya ile ya D, bila kuvuka baa 6 za kibao, la sivyo kila kutanuka kidogo kutakupasulia diski. Kwa hiyo D yenyewe ingeshushwa.

Mhandisi_Mstaafu

Niongeze njia ambayo wanunuzi hawaambiwi kabla ya kununua. API 521 inasema kama presha ya majaribio ya maji ya upande dhaifu inafikia presha ya usanifu ya upande wenye nguvu, tyubu kukatika hakuhitaji valvu kwa ajili yake. Majaribio kwa kawaida ni mara 1.3 ya presha ya kibao. Ganda la baa 6 lilijaribiwa kwa 7.8, liko mbali sana na 30. Ili kusamehewa, ganda lingetakiwa kuwa la baa 23 na zaidi. Kwa kompresa ya baa 30 ni ghali, lakini kwa wale wenye hewa ya baa 10 ya kawaida, ganda la baa 8 linakusamehe: 8 mara 1.3 ni 10.4. Uliza siku ya kununua. Na kumbuka msamaha huo unahusu kila kitu upande wa maji: pampu, mipira na viungo mpaka mnarani. Ganda likistahimili na mpira wa maji ukapasuka usoni mwa mtu, hujasaidia.

Dada_Maabara

Na ile njia ya maji ya kurudi mnarani? Si iko wazi juu? Kwa nini hewa haikutokea huko?

Fundi_Presha

Dada, umeona mbali. Ingetokea huko sehemu yake. Lakini kwenye njia hiyo kuna koki, na usiku ule ilikuwa imefungwa nusu ili kupunguza maji, jambo ambalo hufanywa kila siku. Njia yenye koki haihesabiwi kama njia ya kuokolea, kwa sababu siku ya siku utaikuta imefungwa. Vivyo hivyo koki chini ya valvu ya usalama. Ikilazimu kuwepo, ifungwe kwa kufuli ikiwa wazi, ufunguo ukae kwa mtu mmoja.

Dalili pia zilikuwepo. Kijana wa zamu aliniambia kwa siku nne alikuwa akiona mapovu kwenye beseni la mnara na pampu ikikohoa. Alimwambia msimamizi, akaambiwa ni hewa ya kawaida. Hewa haina kazi kwenye maji ya kupozea. Mkiyaona mapovu, zimeni mashine, fungueni kifuniko, zibeni tyubu mbovu kwa vizibo pande zote mbili.

Spana_17

Mkuu, mrejesho basi. Imefungwa?

Fundi_Presha

Imefungwa juzi. Ni H, mdomo wa inchi moja na nusu, juu ya ganda kabisa, kipande cha bomba sentimita 12. Kwenye benchi ilifunguka kwenye baa 6.0 mara tatu mfululizo, ikafungwa waya na muhuri wa risasi ili mtu asiikaze springi. D imebaki pembeni, nimeishusha ifunguke baa 5.5 ishughulike na kutanuka kwa maji bila kuisumbua kubwa. Valvu ya kuzuia hewa kurudi ni mpya. Tyubu saba zilikuwa zimeliwa, tumeziziba, na kipozeo kipya kimeagizwa. Karatasi ya hesabu, yenye janga lililohesabiwa na angahewa ya Mbeya, nimeibandika ndani ya kabati la umeme, nakala nyingine iko kwenye jalada la kumwonyesha mkaguzi wa OSHA akija kukagua vyombo vya presha.

Kijana wa Makambako, Jumamosi nipo huko. Usiwashe mashine kabla sijafika, na mwombe bosi akupe kipenyo cha ndani cha tyubu kutoka kwenye kitabu cha mashine. Kama kitabu hakipo, tutafungua kifuniko tupime wenyewe.

Kijana_wa_Makambako

Mashine imezimwa tangu jana jioni, kaka. Kitabu kipo, kimeandika milimita 12.

Fundi_Presha

Basi yako ni kubwa kuliko hii. Milimita 12 inaleta 113 kwa tyubu moja, 226 kwa ncha mbili. Kama presha ni zile zile za 30 na 6, na Makambako nayo iko juu mlimani, utahitaji 674 hivi. Hiyo ni J. Mwambie bosi asiagize chochote mpaka tusome kibao cha ganda pamoja.